Bahari yazidi kula nchi kavu: Kwa nini fuo za Pwani zinamomonyoka?

MTU aliyeondoka Kipini akiwa kijana, akirejea leo kichwa kimejaa mvi, atalazimika kuuliza njia. Si kwamba mji umepanuka hata ukampotea, la hasha. Sehemu ya mji aliyoijua haipo tena. Imo chini ya maji.

Kipini ni mji mdogo ulioko katika Kaunti ya Tana River, mahali ambapo Mto Tana, mrefu kuliko mito yote humu nchini, humwaga maji yake katika Bahari Hindi. Palipokuwa na nyumba, visima na minazi, sasa ni mawimbi yanayovunjika. Wakazi wamekuwa wakisukumwa nyuma hatua kwa hatua, na kila msimu wa upepo mkali wale walio karibu na maji hukosa usingizi.

Kisa cha Kipini si cha pekee. Huko Ngomeni, Kaunti ya Kilifi, bahari imekuwa ikinyemelea makazi ya wavuvi. Vanga, mpakani na Tanzania, maji ya bamvua huingia hadi kwenye makazi ya watu. Mjini Mombasa, mawimbi yaliutafuna mwamba ambao juu yake Wareno walijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, hata ikabidi ukuta wa kuikinga ngome hiyo ujengwe mwishoni mwa mwongo wa 2010. Ngome hiyo iliorodheshwa na Unesco kuwa turathi ya dunia mwaka 2011.

Swali linaloulizwa na wengi ni moja: Je, haya yote yamesababishwa na mabadiliko ya hali ya anga?

Jibu fupi ni kwamba mabadiliko hayo yanachangia pakubwa, na mchango wake unazidi kukua, lakini hayatendi kazi peke yake. Yana washirika, na wengi wa washirika hao ni mikono ya binadamu walio papa hapa nyumbani.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Mganga akikosea kuutambua ugonjwa, dawa yake yaweza kuwa sumu. Kaunti ikitumia mamilioni ya pesa kujenga ukuta mahali ambapo tatizo ni mchanga uliozuiwa mtoni, ukuta utaanguka na pesa zitakuwa zimetupwa baharini.

Ufuo ni kama duka

Ili kuelewa jinsi ufuo unavyoliwa, yafaa kwanza kufahamu kwamba ufuo wa mchanga si kitu kilichotulia. Ni kama duka. Kila siku kuna mali inayoingia na mali inayotoka. Inayoingia ikizidi inayotoka, ufuo hupanuka kuelekea baharini. Inayotoka ikizidi, ufuo hupungua, na hatimaye mwenye duka hufilisika.

Mchanga wa Pwani ya Kenya huingia kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni mito. Tana na Sabaki huteremsha udongo na mchanga kutoka nyanda za juu na kuumwaga katika Ghuba ya Ungwana na Malindi. Ndiyo maana mchanga wa Malindi na Mambrui ni wa rangi ya kahawia.

Njia ya pili ni viumbe wa baharini. Mchanga mweupe wa Diani na Watamu haukutoka milimani. Ni mabaki ya matumbawe, makombe na aina za mwani zenye chokaa, yaliyosagwa kwa miaka mingi. Samaki aitwaye pono, ambaye usingizi wake umekuwa methali, ni mmoja wa mafundi wa kazi hii. Huyatafuna matumbawe kwa meno yake magumu akitafuta chakula, kisha chokaa hiyo humtoka ikiwa mchanga laini.

Mchanga hutoka kwa njia nyingi pia. Mawimbi huubeba hadi kilindini, mikondo huuhamisha kando ya pwani, upepo huupeperusha, na binadamu huuzoa kwa malori.

Aidha, kuna mzunguko wa misimu ambao wavuvi wa Pwani waliujua kabla ya wanasayansi kuuandika vitabuni. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Oktoba, upepo hutoka kusini na mawimbi huwa makali. Wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, mwelekeo hugeuka. Mchanga nao huenda na kurudi. Kwa hivyo, mgeni anayeona ufuo umepungua mwezi Julai hapaswi kukata tamaa. Huenda ukarejea Januari. Tatizo huanza pale unaporejea pungufu kila mwaka. Bandu bandu huisha gogo.

Maji yanavyopanda

Hapa ndipo mabadiliko ya hali ya anga yanapoingia. Gesi ya kaboni na nyinginezo zinazotokana na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na misitu huzuia joto kutoroka angani. Zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada humezwa na bahari.

Maji yakipata joto hutanuka. Katika sufuria ya jikoni, tofauti hiyo ni ndogo mno hata haionekani. Lakini kina cha bahari kwa wastani kinakaribia mita 4,000, na kutanuka kidogo kwa maji mengi kiasi hicho kunatosha kuinua usawa wa bahari ya dunia nzima.

Sababu ya pili ni kuyeyuka kwa barafu iliyo juu ya nchi kavu, hasa Greenland, Antaktika na milima mirefu. Barafu inayoelea juu ya bahari haiongezi maji ikiyeyuka, kama vile kipande cha barafu kisivyofurisha bilauri kinapoyeyuka ndani yake. Ile iliyokuwa juu ya ardhi ndiyo huja kama mgeni mpya.

Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya hali ya anga, IPCC, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Linalotia wasiwasi zaidi ni kasi. Kati ya 1901 na 1971, bahari ilikuwa ikipanda kwa wastani wa milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018, ilipanda kwa milimita 3.7 kwa mwaka.

Jopo hilo linakadiria kwamba kufikia mwaka 2100, bahari itakuwa imepanda kwa kati ya sentimita 28 na 55, ikilinganishwa na hali ya miaka ya 1995 hadi 2014, iwapo dunia itapunguza gesi hizo haraka sana. Iwapo zitaendelea kuongezeka kwa kiwango kikubwa, huenda ikapanda kwa kati ya sentimita 63 na 101.

Msomaji aweza kuuliza: milimita 3.7 ni kitu gani mbele ya bahari ambayo hupanda na kushuka kila siku? Mombasa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4.

Jibu liko katika mteremko wa ufuo. Ufuo wa mchanga huinama polepole sana, hivi kwamba maji yakipanda kidogo kwenda juu, husogea mbali zaidi kwenda bara. Kuna kanuni ya kukadiria ambayo wahandisi wa pwani wameitumia kwa miongo mingi: kila bahari inapopanda kwa kipimo kimoja, ufuo wa mchanga hurudi nyuma kwa vipimo kati ya 50 na 100. Si kanuni inayofaa kila mahali, na wataalamu huijadili hadi leo, lakini inatoa picha.

Kwa kasi ya milimita 3.7 kwa mwaka, bahari hupanda sentimita 11 katika miaka 30. Hicho ni kipimo cha upana wa kiganja tu. Lakini kwa kanuni hiyo, ufuo hurudi nyuma kwa kati ya mita 5 na 11. Kwa hoteli iliyojengwa hatua 10 kutoka majini, au kibanda cha mvuvi kilicho chini ya mvinje, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwapo na kutokuwapo.

Zaidi ya hayo, bahari haili ufuo kila siku kwa kipimo sawa. Uharibifu mkubwa hutokea katika saa chache za mwaka ambapo mambo matatu hukutana: bamvua kubwa, kama zile za Machi na Septemba, upepo mkali na mawimbi marefu. Bahari iliyoinuka sentimita 20 huyapa mawimbi hayo ngazi ya kupandia. Yale yaliyokuwa yakiishia kwenye mchanga sasa huupiga ukingo wenye miti na nyumba.

Tufani pia, ambazo kwa kawaida hazifiki karibu na ikweta, zimeanza kuwatia watu wasiwasi. Mnamo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na serikali ya Kenya ikafunga fuo kwa muda kama hatua ya tahadhari.

Ngao ya matumbawe

Lau si miamba ya matumbawe, hali ingekuwa mbaya zaidi. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini, kuanzia Malindi hadi Shimoni, imezungukwa na mwamba unaovunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao ulikusanya vipimo kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu za mawimbi kwa wastani wa asilimia 97.

Lakini tumbawe ni kiumbe hai, na halistahimili joto. Maji yakizidi joto la kawaida kwa digrii moja au mbili kwa majuma kadhaa, hufukuza mwani mdogo mno unaolilisha na kulipa rangi. Hubaki jeupe kama mfupa. Joto likiendelea, hufa.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1998, wakati wa El Nino kali, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilikufa. Baadhi ya miamba ilipata nafuu, hasa ndani ya hifadhi za baharini, lakini joto lilirejea tena mwaka 2016. Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa imeingia katika wimbi la nne la matumbawe kupauka kote ulimwenguni.

Mwamba ukifa hausambaratiki siku hiyo hiyo. Husimama kama nyumba isiyo na mwenyewe. Hakuna anayekarabati nyufa, viumbe wanaotoboa huendelea kutoboa, na polepole hushuka. Wakati huohuo bahari juu yake inapanda. Mawimbi ambayo yangevunjikia mbali sasa hupita juu yake hadi ufuoni.

Hasara ya pili haionekani haraka. Mwamba uliokufa hautengenezi tena mchanga kama zamani. Duka la Diani limepoteza mteja na mletaji wa mali kwa siku moja. Nayo gesi ya kaboni inayoyeyuka baharini huongeza asidi katika maji, na kuyafanya matumbawe yapate taabu zaidi kujenga mifupa yake ya chokaa.

Mikoko yenye mizizi ya kushika nchi

Mahali pasipokuwa na mwamba, hasa katika hori, midomo ya mito na visiwa vya Lamu, kinga ya nchi ni mikoko. Kenya ina zaidi ya hekta 60,000 za misitu hiyo, na zaidi ya nusu yake iko Kaunti ya Lamu.

Mlilana husimama mbele kabisa upande wa bahari, nyuma yake mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, kisha mkandaa, na mchu upande wa nchi kavu. Msitu huo hupunguza mawimbi, na mizizi yake hunasa tope. Kila tope linaponaswa, sakafu ya msitu huinuka. Kwa maneno mengine, mikoko inaweza kupanda pamoja na bahari, mradi ipewe tope la kutosha na nafasi ya kurudi nyuma.

Ni katika masharti hayo mawili ambapo binadamu ameikwaza. Imekatwa kwa ajili ya boriti, kuni na kuchoma chokaa. Katika maeneo ya Gongoni na Marereni, sehemu ya misitu hiyo iligeuzwa kuwa mabwawa ya chumvi. Palipo na barabara, ukuta au bwawa la chumvi upande wa bara, mikoko haina pa kukimbilia. Hubanwa kati ya bahari inayopanda na saruji isiyosogea.

Hali ya anga nayo huipiga kwa njia nyingine. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliteremsha tope jingi mno katika hori ya Mwache, Mombasa, hata likafunika mizizi ya kupumulia na miti mingi ikakauka. Tope ni chakula cha mikoko, lakini chakula kikizidi hukaba.

Mto unapofungwa

Turudi Kipini. Kwa hesabu ya kupanda kwa bahari peke yake, mji huo haungepoteza ardhi nyingi kiasi ulichopoteza. Lazima kuna sababu nyingine, na dalili zake zaelekea mtoni.

Midomo ya mito huhamahama kwa kawaida. Tana yenyewe haikuwa ikimwaga maji yake yote Kipini; katika karne ya 19, mfereji wa Belezoni uliyaelekeza katika Mto Ozi, na sura ya delta ikabadilika. Mji wowote uliojengwa juu ya mchanga wa mdomo wa mto huishi kwa hisani ya mto huo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mto ulianza kufungwa. Mabwawa matano ya kuzalisha umeme yalijengwa katika mkondo wake wa juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, la mwisho likikamilika mwaka 1988. Yalileta umeme ambao taifa liliuhitaji. Lakini maji yakitulia bwawani, mchanga hutuama chini. Masinga, kubwa kuliko yote, limekuwa likijaa udongo ambao zamani ungeteremka na mto.

Pili, mabwawa hutuliza mafuriko. Mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakitandaza tope jipya juu ya delta. Ardhi ya delta ni laini na hujishindilia yenyewe kwa uzito wake, kwa hivyo hushuka pole pole. Isipopata tope jipya, hushuka huku bahari ikipanda. Kwa mkazi wa delta, athari ni ileile mara mbili.

Maji ya chumvi nayo hupenya mtoni. Mto unapokosa nguvu wakati wa kiangazi, bahari husukuma maji yake ndani hadi kwenye mashamba ya mpunga na miembe, na visima vya maji matamu vikaharibika. Mkulima wa Ozi aweza kupoteza shamba lake ilhali hajaona wimbi hata moja likilifikia.

Malindi ni kinyume cha Kipini. Mto Sabaki haukuwa na mabwawa makubwa kwa muda mrefu, na mashamba ya nyanda za juu yaliongezeka bila kukingwa dhidi ya mmomonyoko wa udongo. Wanasayansi waliochunguza matumbawe ya Malindi, ambayo hujijenga tabaka kwa tabaka kila mwaka mithili ya pete za mti, waligundua kwamba udongo unaoteremshwa na Sabaki uliongezeka sana kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20. Matokeo yake, ghuba ya Malindi ilijaa tope na ufuo wake ukasogea kuelekea baharini.

Hivyo basi, katika pwani moja, chini ya bahari ileile inayopanda, mji mmoja unaliwa na mwingine umeongezewa nchi. Kilichowatofautisha ni mchanga wa mto. Ni fundisho la kukumbukwa, maadamu ujenzi wa bwawa kubwa la Thwake katika Mto Athi, ambao ndio Sabaki ukifika chini, ulianza katika mwongo wa 2010.

Kuta na mchanga unaozolewa

Mwenye nyumba anapoona bahari yaja, jambo la kwanza afikirialo ni ukuta. Ni rahisi kumwelewa. Lakini ukuta wa saruji haumezi nguvu ya wimbi, huirudisha. Wimbi linalorudi huchimba mchanga ulio chini ya ukuta, na ufuo ulio mbele yake hutoweka. Ukuta husalia ukilinda nyumba ambayo haina tena ufuo.

Vilevile, nguvu hiyo huhamia ncha za ukuta. Jirani asiye na ukuta huliwa haraka zaidi, naye hujenga wake, na jirani yake vivyo hivyo. Hatimaye pwani nzima huwa ni mfululizo wa kuta, na wavuvi hawana pa kuegesha ngalawa wala kasa hawana pa kutagia mayai.

Hii haimaanishi kwamba kuta hazifai kamwe. Fort Jesus haiwezi kuhamishwa, na mji kama Vanga una watu wanaohitaji kinga sasa hivi. Kuta ni dawa ya mwisho kwa mahali pasipo na njia nyingine, si dawa ya kila plotini.

Kisha kuna wazoaji mchanga. Matuta ya mchanga ya Shela, kisiwani Lamu, ni mfano wa hazina inayodharauliwa. Mbali na kuukinga ufuo, matuta hayo hunyonya maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na ndiyo chanzo cha maji matamu ya mji wa kale wa Lamu. Anayejenga juu yake au kuyachimba anaharibu kinga na kisima kwa pigo moja. Kwale nako, uchimbaji wa mchanga baharini kwa ajili ya miradi mikubwa ya ujenzi katika miaka ya 2010 ulizua mvutano na wakazi na wenye hoteli.

Mfano mchungu zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Maziwi kilikuwa kisiwa kidogo cha mchanga mkabala na Pangani, Tanzania, chenye miti na kasa wengi waliopanda kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimezama. Leo ni fungu linaloonekana maji yakipwa tu. Bahari ndiyo iliyokimeza, lakini shoka ndilo lililokiandaa.

La kufanya

Habari njema ni kwamba kati ya washirika wote wa mmomonyoko, wengi wako ndani ya uwezo wa Kenya kuwadhibiti. Kaunti ya Tana River haiwezi kupoza Bahari Hindi, lakini taifa linaweza kuamua ni nani ajenge wapi, mchanga upi uchimbwe na mto upi uachiwe maji.

Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, akiwemo Dkt James Kairo, wamefanya kazi na wanavijiji kwa miaka mingi kurejesha mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 katika hekta 117, ulikuwa wa kwanza duniani ambapo jamii iliuza hati za kaboni zitokanazo na mikoko. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Mfano huo umefuatwa Vanga, Jimbo na Kiwegu. Mti uleule unaolipa karo ndio unaoshikilia ardhi.

Sheria nazo zipo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 huipa halmashauri ya NEMA mamlaka ya kudai tathmini ya athari za mazingira kabla ya ujenzi mkubwa kuanza, na Kenya ilipitisha sheria ya mabadiliko ya hali ya anga mwaka 2016. Kinachotakikana ni kuacha nafasi ya kutosha kati ya maji na majengo, ili ufuo uwe na mahali pa kurudi nyuma bila kukuta saruji. Kila jengo jipya linaloruhusiwa kwenye ukingo leo ni ukuta unaodaiwa kesho.

Kwa mito, mabwawa yanaweza kuendeshwa kwa namna inayoruhusu mafuriko madogo ya makusudi kufika delta, na mashamba ya nyanda za juu yakajengewa matuta ili bwawa lisijae udongo. Mkulima wa Murang'a na mvuvi wa Kipini hawajuani, lakini wanaunganishwa na mto mmoja.

Swali gumu ni la gharama. Kenya huchangia sehemu ndogo mno ya gesi zinazochafua hewa ya dunia. Mvuvi wa Kipini hana hisa katika kuyeyuka kwa barafu ya Greenland, ilhali ndiye anayehamisha jamvi lake. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuunda hazina ya kuzifidia nchi maskini hasara zitokanazo na hali ya anga, na mwaka uliofuata hazina hiyo ikaanzishwa rasmi huko Dubai.

Lakini anayedai fidia huhitaji ushahidi, na ushahidi wa mmomonyoko ni vipimo: ufuo ulikuwa wapi mwaka jana, uko wapi mwaka huu, na umesogezwa na nini. Kijiji kisichopimwa hakina la kuonyesha mezani ila maji.

Tofauti na mafuriko, ambayo maji yake hupungua na mwenye shamba akarejea kulima, ardhi iliyoliwa na bahari hairudi. Makaburi hayahamishiki kwa urahisi, wala msikiti haubebwi mgongoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa watu wa Pwani, ufa huo ni mkoko unaokatwa leo na mchanga unaopakiwa kwenye lori. Nao wakazi wa Kipini wangali wakitazama upepo wa kusi, wakihesabu hatua zilizosalia kati ya mlango na maji.